Sakafu Iliyokataa Waya

Sogeeni karibu, majirani, na wewe mwenye simu mkononi iweke chini kidogo, maana habari hii inakuhusu hata wewe. Najua wapo watakaosema namsema Elsy Ancona kwa kuwa ameanguka. Hapana. Aliyeanguka hasemwi kwa raha. Nayasema haya kwa uchungu, kwa sababu ugonjwa ulioingia nyumba yake umo katika nyumba nyingi humu mjini kwetu Mérida, na wenye nyumba wamefunga milango wanajifanya hawausikii.

Nyumba yenyewe mnaijua, ile ya manjano yenye milango mirefu, karibu na bustani ya Santiago. Vyumba vya mbele ndivyo mahali pa kutibia wagonjwa pa mumewe, Daktari Wilberth Canul, na huko nyuma ndiko walikokuwa wakiishi. Ungepita asubuhi yoyote ungeikuta sakafu imepigwa deki, inang'aa, vigae vyake vyekundu na vyeusi vimeshikana maua kwa maua kutoka mlangoni mpaka uani. Wagonjwa walikuwa wakiingia kwa adabu, wengine wanavua viatu bila kuambiwa. Elsy alikaa mezani pa mapokezi, nywele amezibana vizuri, anamwita kila mtu kwa jina lake na kumpa bilauri ya maji ya majani ya chaya yenye ndimu. Baba yake, Don Gaspar, mzee aliyekaa nyumba yake mwenyewe mtaa wa pili, alikuwa akija kila siku kuketi pale na wagonjwa ingawa haumwi.

"Leo naumwa uzee," angesema. "Daktari ana sindano yake?"

"Ya uzee imekwisha, baba. Imebaki ya mdomo mrefu," Elsy angemjibu, na baraza zima lingecheka.

Hiyo ndiyo ilikuwa amani yao. Ilikuwa amani ya kweli, mimi siibezi.

Kisha Daktari akachoka na makabati ya mafaili, akanunua programu ya kompyuta ya kuwekea habari za wagonjwa: dawa wanazotumia, sindano walizopata, majibu ya maabara. Maabara ikipima damu, majibu yanaingia yenyewe kwenye programu, na palipo na hatari panaandikwa kwa rangi nyekundu. Jambo zuri kabisa. Lakini programu kama hiyo haikai ndani ya kompyuta peke yake. Inavuta habari kutoka mbali kila mara, na ikikosa njia ya kuvuta, ni bure. Ndipo akaitwa mhandisi wa mitandao, binti mmoja wa hapa hapa, Mirna Dzul, aje atengeneze njia.

Mirna aliingia, akapiga ukuta kwa ngumi, akacheka. Mnazijua kuta za nyumba zetu za zamani, za mawe ya chokaa, nene kiasi kwamba mtu mzima anakaa dirishani na miguu yake yote.

"Mama, huu si ukuta, ni ngome," alisema. "Waifai hapa itachoka kabla haijafika chumba cha pili. Tupitishe waya, kwa kila kompyuta wake. Mapokezi, kwa nesi na kwa daktari. Waifai tuwaachie wageni na simu zao."

"Na huo waya upite wapi?" Elsy akauliza.

"Njia mbili. Tuinue mstari mmoja wa vigae, tuuzike, tuvirudishe. Au upite juu ya ukuta, ndani ya mfereji wa plastiki."

Elsy alimtazama kama mtu aliyetukaniwa mama yake. "Uinue vigae? Vigae alivyovitandaza baba yangu?"

"Tutavirudisha, mama."

"Vikivunjika?"

"Viwili vitatu vitavunjika. Sikudanganyi."

"Na hiyo plastiki, unataka nyumba yangu iwe kama kwa Russell?"

Russell Pech ni daktari wa meno, jirani yao. Kwake nyaya zimepita kila mahali, kwenye mifereji myeupe ya plastiki, na mtaa mzima ulikuwa ukimcheka. Aliyekuwa akicheka kuliko wote ni Elsy. "Kwa Russell," alizoea kusema, "unang'olewa jino ukiwa ndani ya redio iliyofunguliwa."

"Kwa Russell pabaya, kweli," Mirna akakubali. "Lakini panafanya kazi."

"Dada yangu kule Cancún anatumia waifai nyumba nzima. Hata bafuni inashika!"

"Dada yako ana kuta za juzi, mama. Na bafuni kwake hatibiwi mtu."

Basi hapo Don Gaspar, aliyekuwa amejikunja kwenye kiti chake anasikiliza, akapiga fimbo chini. "Vunja!" akasema. "Sakafu si nimeitandaza mimi? Nilikuja hapa kijana, nina ndoo na kamba ya kupimia, babu yako mzaa mama ananifokea, na mama yako ananichungulia pale mlangoni. Nilimwoa mama yako, mwanangu. Sikuoa sakafu. Kalibu zangu bado ninazo, nitakupigia vigae vingine."

"Baba, wewe kijiko cha supu tu kinakushinda kwa kutetemeka."

Watu wakacheka. Don Gaspar naye akacheka, lakini aliiangalia mikono yake kwa muda, kisha akaificha mapajani.

Daktari Wilberth akajaribu. "Mirna anaijua kazi yake, Elsy. Mimi naona afadhali..."

"Nyumba hii ya nani, Wilberth?"

Ilikuwa ya Elsy, urithi kutoka kwa mama yake, na kila mtu alijua. Daktari akanyamaza. Kumbukeni kunyamaza huko, maana nako kumo katika hesabu.

Basi ikafungwa waifai. Na hata kile kisanduku cha kurushia mtandao, wanachokiita ruta, kilimchukiza Elsy. Alisema vitaa vyake vinakonyeza kama mwanamume wa sokoni. Akaamuru kifichwe nyuma ya kioo kikubwa cha bibi yake, kile cha fremu ya dhahabu kilichoko sebuleni.

"Nyuma ya kioo!" Mirna akashika kiuno. "Mgongo wa kioo hiki umepakwa fedha, mama. Unamziba mtu mdomo halafu unamtaka aimbe?"

"Ataimba. Kazi yake ndiyo hiyo."

"Haya. Mimi nimesema." Akakusanya vifaa vyake akaenda zake.

Wenzangu, sikio la kufa halisikii dawa. Wiki chache baadaye akaja mwanamke mmoja mwenye kamera, anapiga picha za nyumba za zamani kwa ajili ya kalenda. Sakafu ya Elsy ikapata mwezi wake, mwezi wa Mei. Elsy akaitundika kalenda mapokezi, na hata Mei ilipokwisha hakuna aliyethubutu kuufunua ukurasa wa Juni. Wageni walikuwa wakisema, "Nyumba nzuri! Na wala huoni waya hata mmoja!" Naye anavimba kwa furaha.

Lakini kwenye chumba cha Daktari, chumba cha tatu kutoka kwenye kile kioo, kompyuta ilikuwa ikitambaa. Angeandika jina la dawa, kisha akae anapangusa miwani, mgonjwa mbele yake anaangalia dari. Mara mtandao unakatika, alichoandika kinapotea, anaanza upya. Foleni ikawa inafika barabarani. Na kila mtandao ulipokatika, mkanda wa njano ulitokea juu ya skrini: *Inatafuta mtandao.* Ukiubonyeza pembeni unaondoka, na ukurasa wa zamani, ule ambao kompyuta iliuhifadhi mara ya mwisho, unabaki palepale umetulia, kama vile hakuna kilichotokea. Mwanzoni waliuogopa mkanda ule. Baadaye wakawa wanautukana. Mwishowe wakauzoea, vidole vikajifunza kuubonyeza bila kumuuliza mwenye vidole.

Siku mbaya kuliko zote ilikuwa Jumatatu. Nesi wao Addy ndiye aliyeligundua hilo, naye akalifanya mzaha. "Jumatatu saa saba mtandao unakwenda kula na sisi!" Kwani Jumatatu katika nchi yetu ni siku ya nini? Ni ya maharage meusi na nyama ya nguruwe, nani asiyejua? Siku nyingine walikula mikate. Jumatatu kila mmoja alikuja na bakuli lake la maharage kutoka kwao, na maikrowevu ya jikoni iliwashwa bakuli baada ya bakuli. Maikrowevu na waifai za namna ile hutumia mawimbi ya jamii moja. Yakikutana, lile la jiko linapiga kelele, la mtandao halisikiki. Mirna angewaambia hivyo kama angeulizwa. Hakuulizwa. Walicheka tu, wakakamulia ndimu, wakala.

Siku moja Daktari alitoka chumbani kwake amekunja uso, akamfuata mkewe jikoni.

"Leo tumeponea chupuchupu kumdunga mtoto wa watu sindano ileile mara mbili. Ya kwanza Addy aliiandika asubuhi, haikufika kwangu."

"Si hamkumdunga?"

"Hatukumdunga kwa kuwa mama yake alipiga kelele! Si kwa akili yetu sisi."

"Basi muwe waangalifu. Msisingizie nyumba."

"Nitamwita Mirna, Elsy. Nimechoka."

"Siku nikifa mpasue mnavyotaka! Nikiwa hai, hakuna anayeigusa sakafu hii."

Daktari akageuka. Akarudi kwenye kompyuta yake inayotambaa.

Mwaka uleule figo za Don Gaspar zikaanza kulegea. Si ajabu kwa mtu wa umri wake mwenye presha. Daktari, mkwewe, akamweleza kwa upole: kuna madini yaitwayo potasiamu, yamo kwenye maharage, ndizi na nyanya. Figo nzima huyatoa. Figo chovu huyaacha yakajaa kwenye damu, na yakizidi sana moyo husimama bila hodi. Kwa hiyo, mzee, maharage basi.

"Mpaka lini?" Don Gaspar akauliza.

"Mpaka damu iseme."

Vipimo vya mwanzo vikaja vizuri, lakini presha ikawa bado juu, Daktari akambadilishia dawa. Dawa ile ni nzuri ila nayo huweza kuipandisha potasiamu, hivyo akataka damu ipimwe upya kabla ya kumlegezea chakula. Damu ikachukuliwa Jumamosi. Don Gaspar akasubiri majibu kama mtoto anayesubiri sikukuu. Jumatatu zote zile alikuwa akila kuku wa kuchemsha, na mtaa mzima unanukia maharage.

Jumatatu ikafika. Saa saba ile simu ya mapokezi ikalia, Elsy akapokea.

"Mwanangu, jirani yangu kaniletea chungu kizima," Don Gaspar akasema. "Harufu imeniingia mpaka kwenye mifupa. Majibu yametoka?"

"Baba! Una papara kama mja mzito."

"Jumatatu bila maharage si Jumatatu, ni kifungo. Nile, nisile?"

"Subiri nitazame."

Daktari alikuwa ndani na mgonjwa. Alikuwa amemwambia Elsy majibu ya baba yakija amwite. Lakini Elsy alizoea kuwasomea watu majibu yao kwenye simu. Kijani ni kizuri, chekundu ni kibaya, kuna ugumu gani? Jikoni maikrowevu ilikuwa inanguruma, Addy na mwenzake wanabishana nani kaweka pilipili nyingi. Elsy akafungua ukurasa wa baba yake. Kikaja kile kiduara kinachozunguka, kikazunguka, kikazunguka. Kisha mkanda wa njano. Kidole chake kikaubonyeza, ukaondoka.

Ukurasa ukawa mbele yake. *Gaspar Ancona.* Potasiamu: kijani. Figo: kijani. Juu pembeni, kwa herufi ndogo, palikuwa na tarehe, nayo ilikuwa ya mwezi uliopita. Hakuiangalia. Niambieni, kati yenu nani huiangalia?

"Mazuri, baba! Kijani kitupu."

"Kweli, mwanangu?"

"Kweli. Kula. Ila sahani moja tu!"

"Sahani ya kwangu au ya mume wako? Maana ile ya mume wako ni karai."

"Moja, baba!"

Wakacheka wote wawili. "Mungu akubariki," mzee akasema. "Uje jioni, nitakubakizia figili." Na simu ikakatwa.

Wakati huohuo wanacheka, maabara walikuwa wanapiga simu ileile. Majibu ya kweli yalikwisha tumwa, mekundu, na sheria yao ni kupiga simu yanapokuwa mabaya hivyo. Wakaikuta inatumika. Walipopiga tena, milango ilikuwa imekwisha fungwa kwa mapumziko ya mchana, maana nasi wa hapa jua likiwa kali hivyo hatufanyi kazi, tunalala kwenye bembea zetu za wavu mpaka lipungue. Simu ikalia mapokezi peke yake, juu ya ile sakafu nzuri. Kuta nene zile zikaizuia isisikike vyumba vya nyuma. Kazi yake si ndiyo hiyo?

Saa kumi Elsy akaamka, akanawa uso, akaja kukaa mezani kwake. Jikoni kimya, maikrowevu imezimwa zamani. Mtandao ulikuwa umerudi bila kuombwa. Akagusa kompyuta, na ukurasa aliouacha wazi ukajigeuza wenyewe mbele ya macho yake.

Mwekundu.

Mwanzo alidhani ni wa mgonjwa mwingine. Akasoma jina. Akasoma tena, polepole, herufi kwa herufi, kama mtoto wa darasa la kwanza. Kisha akapiga ukelele ambao Russell wa meno anasema aliusikia kwake, akaacha mdomo wa mtu wazi.

Daktari akaja mbio. Akaangalia skrini. "Kwa hali hii hata punje moja ya harage haitakiwi," akasema. "Twende tukamchukue, apelekwe hospitali sasa hivi." Akamwona mkewe hasogei. "Elsy. Amekula?"

Elsy akaiangalia simu.

"Nani amemwambia ale? Elsy! Nani?"

Walimkuta kwenye bembea yake ya kulalia, mguu mmoja umegusa chini, kama mtu aliyekuwa akijisukuma taratibu akapitiwa na usingizi. Sahani ilikuwa chini ya bembea, imefutwa kwa chapati ya mahindi mpaka ikawa nyeupe. Kwenye kibakuli pembeni zilikuwapo figili zilizokatwa vizuri, zimefunikwa na kitambaa. Daktari alimlaza chini, akamkandamiza kifua, akamkandamiza mpaka jasho likamchirizikia mzee usoni, na Elsy amepiga magoti anamshika miguu. Sakafu ya nyumba ile ilikuwa saruji tupu. Fundi aliyewatandazia maua matajiri wa nusu ya mji huu, mwenyewe aliishi juu ya saruji tupu, wala hakuwahi kulalamika.

Mwili ulikuwa bado na joto, lakini mwenyewe alikwisha kwenda.

Kwa siku tisa za kumsalia, nyumba ya manjano ilijaa watu. Mwanamke mmoja wa mbali, asiyejua lolote, akainama baada ya sala akasema, "Lo, sakafu hii! Kazi ya marehemu, eti? Amewaachia kitu." Elsy akatoka nje, hakurudi ndani mpaka wageni walipoondoka.

Siku ya kumi akampigia Mirna simu. Mirna akaja amevaa nguo nyeusi, akampa pole. Hakusema nilikwambia. Heri angesema.

"Pasua," Elsy akasema.

"Mama, tunaweza kupitisha juu ya ukuta, vigae vibaki..."

"Pasua, nimesema! Alisema vunja, mbele yako alisema, nikamcheka mikono yake. Pasua!"

Mafundi wakainua mstari mmoja wa vigae, toka mapokezi mpaka chumba cha Daktari. Vilivyotandazwa na mkono ule vilikuwa vimeshika kweli kweli, vingi vikavunjika. Elsy alikwenda kwa baba yake kutafuta kalibu, akazikuta, zimeliwa na kutu, na hata zingekuwa nzima, aliyezijua alikuwa makaburini. Mafundi wakaulizia rangi ya saruji ya kujazia. Akawaambia waache kijivu, na wasiweke zulia.

Waya ulipochomekwa, Mirna akamwambia ajaribu. Elsy akafungua ukurasa wa kwanza uliomjia mkononi. Ukafunguka hapohapo, kabla hajapepesa. Akaufunga, akaufungua tena. Hapohapo. Jikoni Addy aliwasha maikrowevu makusudi, maji tu ndani, na ukurasa ukafunguka hapohapo.

"Ni hiki tu?" Elsy akauliza. "Ni hiki tu kilichokuwa kinatakiwa?"

Mirna akainamisha kichwa. "Ndiyo, mama."

Hapo ndipo alipolia kilio cha kweli, kwa mara ya kwanza tangu baba yake afariki.

Yeye na Daktari hawajaachana. Wanakula meza moja. Jioni moja Daktari aliweka uma chini akasema, "Mimi nilijua. Ningesema kwa nguvu." Elsy akamjibu bila kuinua macho, "Ungesema." Tangu hapo wanaongea habari za wagonjwa na za bei ya umeme, si zaidi, na bembea ya Daktari imehamia chumba kingine.

Ikafika mwisho wa Oktoba, siku zetu za kuwaandalia marehemu chakula chao. Dada yake akaja kutoka Cancún, wakatandika meza, wakaweka picha ya Don Gaspar, mishumaa, mkate, na fimbo yake. Dada mtu akatoka jikoni amebeba sahani iliyojaa maharage, moshi unapanda, na figili juu yake. Huyu hakuwa akijua nani alimwambia mzee ale. Hakuna aliyempa habari hiyo.

"Shika, mweke baba chakula chake," akamwambia Elsy. "Jumatatu ngapi walimnyima maskini! Sasa nani atamkataza?"

Elsy akaishika sahani kwa mikono miwili. Akasimama nayo mbele ya picha, amekanyaga ule mstari wa kijivu, na mikono yake ilikuwa ikitetemeka kama ya baba yake, mchuzi unamwagikia vidole. Dada mtu akamuuliza ana nini. Alikuwa akiisikia ile sauti ya baba yake tu kwenye simu, yenye furaha na njaa: nile, nisile? Na kwa mara ya kwanza alikuwa na jibu sahihi, na hakuna mtu wa kumpa.

Mafunzo

Ndugu zangu, mtu asinielewe vibaya. Waifai si dhambi. Mgeni anayesubiri zamu yake acheze na simu yake, ikikatika atakasirika kidogo, basi. Lakini kompyuta inayobeba damu na dawa za watu haiwekewi njia ya kubahatisha. Penye kuta kama zetu, na majiko kama yetu, ifungiwe waya, na waya upite unapotakiwa kupita, hata kama ni katikati ya kitu ukipendacho. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Nyumba ya Elsy ilisifiwa kwa kutoonekana waya, na sifa hiyo ndiyo iliyomla baba yake.

Na wewe unayesema mimi sina kompyuta, hainihusu, usijidanganye. Kila nyumba ina mkanda wake wa njano. Ni lile onyo dogo mnaloliona kila siku na kulibonyeza liondoke: breki inayolia, ukuta ulioingia ufa, mtoto anayekohoa tangu mvua. Onyo likizoeleka haliwi uongo. Linakaa tu, linakusubiri siku utakayokuwa na haraka. Nawe mume unayejua ukweli na kuumeza ili nyumbani pawe shwari, umeona shwari hiyo ilimfikisha Wilberth wapi.

Wagonjwa wa nyumba ya manjano siku hizi, wakifika kwenye ule mstari wa saruji, huinua mguu wauruke, wakidhani ni ubovu ambao haujatengenezwa. Elsy huwaona kutoka mezani kwake. "Usiuruke," huwaambia. "Ukanyage. Pazuri katika nyumba hii ni hapo tu."